Bakuli kwa Bi Rosa

Jumatatu, 3 Novemba
Kazi ya kutunza wazee imeisha saa nane. Basi hadi nyumbani Kilburn, mvua, mbaazi za nazi. Bakuli moja nimempelekea Bi Rosa, Mreno mjane wa ghorofa ya juu. Siku ya kwanza nilimweleza: kwetu Mombasa bakuli la jirani halirudi tupu. Tangu hapo hurudi na wali wa maziwa wenye mdalasini. Ndiye pekee anayegonga mlango wangu.

Jumatano, 5 Novemba
Darasa la historia, maktaba. Nchi ndogo za Ulaya zilizotawala bahari, kisha zikaishiwa nguvu. Jumamosi nazungumza mimi. Nimechagua Wareno na ngome yao ya Mombasa. Nani mwingine darasani kacheza utotoni chini ya kuta zake?

Nimemwomba binti yangu Zuhura atoke kwake Stratford, upande wa pili wa jiji, aje kunisikiliza. Kanijibu kwa Kiingereza: ana kazi. Nimeumia. Nimemwalika Bi Rosa.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimeharibu.

Nilianza vizuri. Watu wachache, ngome nyingi. Ngomeni Mombasa wamezingirwa karibu miaka mitatu, maradhi yanawamaliza, macho baharini kungoja meli za msaada kutoka Goa, makao yao ng'ambo ya bahari. Nikaona wenzangu wanasinzia. Ndipo nikaleta utani: kinchi cha kiganja kilitaka kumeza bahari, kikapaliwa. Wakacheka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaongeza, nikaongeza tena. Nilimtania Bi Rosa, aliyekuja kunisikiliza, kama mtani wangu, mbele ya watu wasiojua utani ni nini. Alivaa koti, akatoka polepole.

Jumatano, 12 Novemba
Hajagonga. Ngazini kaniitikia kwa kichwa tu.

Aliwahi kuniambia kijijini kwao nyumba nyingi zimefungwa, vijana wote wako nchi za watu. Wanawe pia. Nilisahau. Naona haya.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimekuta bakuli mlangoni. Limeoshwa, limefutwa. Tupu.

Anaijua sheria. Nimelia jikoni, wima, na koti mwilini.

Jumapili, 16 Novemba
Nimepika mbaazi tena. Wale wa ngomeni walingoja, na meli za msaada zilifika ngome imeshachukuliwa. Mimi nina ngazi kumi na nne tu za kupanda.

Nimegonga. Ndala zake zikaja, zikasimama. Nikasema jina langu, nikaomba radhi mlango ukiwa umefungwa. Ukafunguka nusu. Kapokea bakuli, kafunga.

Bakuli liko kwake.