Taa Zilipozimika Mogadishu

Jumatatu, 4 Machi 1991
Sijapata kumwambia mtu: napenda umeme ukikatika. Watu huacha kunitazama. Leo magharibi umekatika mtaa wetu wote wa Kisauni, nami nasoma fizikia. Nikafurahi. Kisha nikamsikia Dada Amina akilia chumbani.

Ni binamu yake mama. Amekimbia vita Mogadishu. Ana mimba kubwa. Niliona haya, sikuingia.

Jumatano, 6 Machi
Bi Fatma jirani kamtania mama: "Mgeni wenu taa ikizimika yuwaona majini?"

Mama akamrudishia: "Yuwakuona wewe!"

Dada Amina hakucheka. Alitueleza tukichambua mchele. Mizinga ilianza kwa kupiga mitambo ya umeme. Watu wakawasha kandili, wakazoea. Kisha mabomba yakakauka, kwani pampu zilisukumwa na umeme ule ule. Kisha hospitali. Mtoto wa dadake alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akawekwa kwenye kisanduku cha joto. Kisanduku kikapoa. Wauguzi walipokezana kumkumbatia kifuani hadi alipokata roho.

Mji mzima, na watu wake wote, unaning'inia kwenye waya. Sikuwahi kuliwaza hilo.

Ijumaa, 8 Machi
Dada Amina hataki hospitali. Atazaa hapa nyumbani. Mkunga amempapasa, akasema mtoto kalala mkingamo tumboni, yeye hathubutu kumzalisha.

Mama akambembeleza: "Mwanangu, hapa hapana vita."

"Hata kwetu hapakuwa na vita."

Naogopa atakufa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda hospitali peke yangu. Nikamwuliza muuguzi umeme ukikatika wanafanyaje.

"We mtoto, kwani wazaa lini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Sikuondoka. Akanipeleka nyuma kwenye jenereta. Nikaomba liwashwe. Fundi akaguna, akaliwasha. Sakafu ikatetema, nikaisikia hadi kwenye meno. Chuma kile ndicho kilichosimama baina ya watoto na mauti.

Nikarudi kumhadithia Dada Amina.

"Umeliona kwa macho yako?"

"Wallahi nimeliona."

Dada Amina akaomba buibui lake.

Jumatatu, 11 Machi
Kapasuliwa hospitalini asubuhi. Mtoto wa kike, mzima. Dada Amina bado amelala, anapumua vizuri. Nilikaa kando yake. Kisha nikachukua kanga zake zenye damu, nikarudi nazo nyumbani, nikazifua na kuzianika uani.