Nimempa Dada Yangu Nafasi ya Saba

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana baada ya hapo hata ukinijibu vizuri namna gani itakuwa maji yamekwisha kumwagika.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nina mke na mabinti wawili, na kazi yangu ni ya vitabu vya katuni, lakini sichori wala situngi, mimi ndiye ninayeandika yale maneno ndani ya viputo vinavyotoka midomoni mwa wahusika, kazi ambayo nikimweleza mtu huniuliza, "Kumbe kuna mtu wa hiyo?" nami humjibu yupo, ndiye huyu, na mgongo unamuuma. Anayetunga hadithi ni dada yangu, amenizidi miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyenilea wakati mama akifanya kazi ya zamu kiwandani, alinifundisha kusoma kwa kuniandikia hadithi nyuma ya karatasi za kufungia sabuni, kwa hiyo mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya kipande namkumbuka yeye kabla ya mama, Mungu anisamehe.

Hadithi yetu hutoka kila baada ya wiki mbili, inamhusu bibi mmoja mstaafu wa zimamoto ambaye amekataa kustaafu, na watu wanaipenda, siwezi kusema uongo. Shida ni kwamba dada anaandika maneno mengi, mengi kweli, ukimwomba salamu anakupa hotuba, na mchoraji wetu naye anapenda moshi, ukimwachia ukurasa ataujaza moshi mpaka kwenye kona, kiputo kinabaki kidogo kama kisosi. Zamani, miaka sita iliyopita, dada aliniambia, "Yakizidi we punguza tu, mdogo wangu, ila usije ukaniharibia." Basi nikapunguza, na kupunguza kukazaa kubadilisha, na kubadilisha kukazaa kuandika upya, kidogo kidogo, bila kumwambia, nikijua yeye kitabu kikishachapwa hakifungui, anasema kusoma kazi yake mwenyewe ni sawa na kusikiliza sauti yake kwenye simu.

Katika toleo la kumi na nne Bibi anafika kwenye nyumba ya jirani yake paa likiwa limeshaanguka, na dada alikuwa amemwandikia maneno arobaini na moja, niliyahesabu, kuhusu uzembe wa wakubwa na thamani ya maji. Nafasi ilikuwa ya maneno matatu. Nikaandika: "Nimechelewa. Nipe ndoo."

Mshauri, sijui kama umewahi kuisikia hiyo, lakini imeandikwa kwenye fulana, imeandikwa nyuma ya malori, ofisini kwa mke wangu mtu akichelewa kikao anaisema na wote wanacheka, hata daktari wangu wa meno aliingia chumbani akaisema huku mimi nimeachama mdomo siwezi kumwambia kwamba hiyo ni yangu. Na wachambuzi wote wanamsifu dada kwa uchache wake wa maneno. Dada yangu! Uchache!

Sasa nije kwenye kosa langu. Jarida moja la mambo ya vitabu lilichagua watu thelathini wa kazi hii, likamwomba kila mmoja apange watunzi kumi bora wa katuni wanaoandika sasa hivi, watunzi tu, wachoraji na sisi wengine tusijitaje. Niliifanya kazi ile kwa moyo, nilisoma upya matoleo tele mpaka mabinti wakaniuliza kama nina mtihani. Wa kwanza nilimweka yule anayetunga hadithi ya shule ya viziwi, ambayo karibu haina viputo kabisa na ingeninyima mkate kama kila mtu angetunga hivyo, lakini haki ni haki. Wa pili yule mzee wa hadithi za refa wa mpira. Dada nikamweka wa tatu, na hiyo tatu niliiamini, sikumpendelea wala kumwonea.

Kabla sijaituma, Jumanne moja mchana, nikiwa kazini na redio imewashwa, nikasikia dada anahojiwa, na mtangazaji akamuuliza ile ya ndoo aliipata wapi. Dada akacheka, akasema, "Ah, ilinijia tu, nilikuwa naosha vyombo." Mshauri, dada yangu haoshi vyombo. Kwao anayeosha vyombo ni shemeji. Nilizima redio, nikafungua ile orodha, nikamtoa dada kwenye tatu nikamshusha mpaka saba, nikaituma dakika hiyo hiyo. Kwa nini saba sijui, nadhani niliona kumi ni tusi na tano haiumi.

Nilidhani ni siri. Wiki iliyopita mhariri alituandikia kwamba orodha zote zitatoka na majina yetu na picha zetu, na mwenye kutaka kurekebisha afanye hivyo kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Toka siku hiyo situlii. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi, kila kitu nakipanga, nimepanga vikombe vya nyumbani kuanzia kizuri mpaka kibovu, nimepanga makondakta wa njia yetu, mke wangu amenifuma namwangalia mama yake akaniambia, "Usithubutu." Na Jumapili tulikuwa kwa mama, dada akanipiga begani mbele ya watu akasema, "Nasikia na wewe umepiga kura. Sitaki kujua, ila nikikuta umeniweka wa pili, chai ya kwangu utainywa baridi." Wote wakacheka, nami nikacheka mpaka nikapaliwa. Jarida likitoka watalisoma wote pamoja, na mama ameshatengenezewa miwani mipya kwa ajili hiyo.

Nikimpandisha awe wa kwanza nitakuwa mwongo, nikimwacha wa saba nitakuwa nimemuumiza mtu aliyeniogesha, nikijitoa wataniuliza kwa nini. Na nikimwambia kuhusu maneno, je, kama kweli amesahau, kama kweli anaamini ni yake? Halafu juu ya yote siku hizi amekuwa mvivu, toka ile redio nimepokea miswada mitatu, na yote picha ya mwisho hakuandika neno, ameandika tu maelezo: "Bibi anasema kitu kifupi." Basi. Mzigo ananitupia mimi, najaza huku nimefura. Hata sasa ninapokuandikia, ule wa tatu uko mezani na kiputo chake kitupu kinanitazama. Mke wangu anasema, "Si uongee naye tu," kama vile ni kuomba chumvi.

Nifanye nini?

Ni mimi,
Mjaza Viputo

—

Mjaza Viputo, ndugu yangu,

Kwanza keti. Nimekuona mpaka huku unavyozunguka chumba.

Nakiri sikujua kwamba watu wazima wanawapanga watunzi wa katuni kama timu za mpira, kwa hiyo kabla ya kukujibu nililitafuta hilo toleo lako la kumi na nne, nikalisoma saluni nikiwa chini ya mashine ya kukausha nywele. Nililia. Msusi akadhani mashine imeniunguza. Maneno yako matatu ni mazuri, hongera, nasema hivyo kwa sababu nahisi hakuna aliyewahi kukuambia huku akijua ni yako. Umeumia na una haki ya kuumia. Miaka sita ya kusikia kazi yako ikisifiwa kwa jina la mwingine si mchezo, hata huyo mwingine awe dada.

Pole imeishia hapo.

Sikuanza kulia nilipofika kwenye ndoo. Nilianza kurasa nne kabla, pale Bibi anapotafuta buti lake la kushoto na mimi najua moto umeshafika dirishani na yeye hajui. Nani alimpotezea lile buti? Si wewe, na si mchoraji na moshi wake. Yupo mtu aliyenikalisha kurasa ishirini nikimsubiri Bibi afike, ndiyo maana "nimechelewa" ikanikata. Ndoo ni yako, lakini moto aliuwasha dada yako. Na wewe hilo unalijua, ndiyo sababu ulimweka wa tatu ulipokuwa na akili zako.

Sasa hiyo saba. Usiniambie hujui imetoka wapi, umeniandikia mwenyewe. Tatu aliitoa msomaji. Saba aliitoa mdogo mtu aliyenuna kwa sababu ya vyombo. Ulikuwa na jambo la kumwambia dada yako, ukaogopa, ukalipeleka jaridani ili wamwambie wao mbele ya mama na miwani yake mipya. Watu thelathini waliaminiwa waseme nani anatunga vizuri, na mmoja wao akaitumia nafasi hiyo kulipiza. Hebu jionee aibu kidogo, haitakuua.

Na huo wizi unaoulilia, tuutazame. Dada alikwambia upunguze, hakukwambia uandike upya. Umemfutia maneno miaka sita kimyakimya, ukaona sawa. Yeye kakuchukulia maneno matatu, tena kwa kushtukizwa redioni, na dunia imekuwa ndogo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Simtetei. Alidanganya, na alipaswa kukutaja. Lakini wote wawili mmekuwa mkitumia kimya cha mwenzenu, na kila mmoja anajiona ndiye aliyeonewa.

Halafu kuna jambo umeniandikia mwishoni kabisa, kwa hasira, ukalipita. Unaniuliza kama dada yako amesahau kwamba maneno yale si yake. Ndugu yangu, mtu wa maneno arobaini na moja, ambaye ukimwomba salamu anakupa hotuba, ametoka redioni akaanza kukuletea miswada ambayo picha ya mwisho haina hata neno. Mara tatu mfululizo. Pale pale penye sifa. Uvivu huo mbona hauanzii ukurasa wa kwanza? Mtu asiyejua hawezi kukuachia nafasi. Dada yako anajua. Amejua toka alipocheka kwa mtangazaji, pengine toka zamani, na ameshindwa kusema kama wewe ulivyoshindwa. Ndivyo mlivyolelewa, nadhani, kuambiana mambo nyuma ya karatasi. Wewe umeandika saba, yeye ameandika "Bibi anasema kitu kifupi." Mmoja wenu ameumiza, mwingine ameomba radhi, na aliyeombwa radhi amekasirika kwamba anaongezewa kazi.

Kwa hiyo sikiliza utakavyofanya, na usiniongezee ya kwako.

Kumpandisha awe wa kwanza, hapana. Atajua ni huruma, na mtu anayejua kutunga hahurumiwi kwa namba. Kujitoa, hapana pia, huko ni kukimbia. Mrudishe kwenye tatu yake, na mbele ya jina lake mwandikie mhariri sentensi moja: huyu ni dada yangu, na mimi ndiye ninayeandika maneno kwenye viputo vyake. Wasomaji wakishajua hilo watakupima wenyewe. Chai baridi utaikuta, inywe.

Lakini mhariri ni wa kesho. Leo, kabla hujala, nenda kwa dada yako. Usitangulize simu, simu itakupa mahali pa kujificha. Mwambie habari ya saba kwa mdomo wako mwenyewe, pamoja na Jumanne ile na redio, ili hata kama siku moja mhariri atapayuka, lisiwe jipya kwake. Usianze na ndoo. Ukianza na ndoo utakuwa umekwenda kudai, na anayedaiwa hujitetea. Jina lako kwenye jalada utaliomba, ni haki yako, ila liombe wiki ijayo mkiwa mmeshalala usingizi.

Mwombe shemeji awapishe, akaendelee na vyombo vyake. Halafu toa ule ukurasa ulioko mezani kwako, kiputo kikiwa kitupu hivyo hivyo, usikijaze hata kwa penseli. Uweke mbele yake na kalamu juu yake, ukae, unyamaze. Na akianza kuongea maneno mengi, kama ninavyojua ataongea, safari hii usipunguze hata moja.