Tumekuja kupiga ndege

Jumamosi. Joto la kukaanga, upepo wa vumbi, na mawingu yale ya Dodoma yanayokuja kutusalimia tu kisha yanaondoka bila kuacha hata tone.

Leo nimemdanganya mtoto wa miaka mitano, tena kwa kupanga.

Nilimwambia, kwa mikono na kwa uso maana siku hizi ndivyo tunavyoongea, kwamba tunakwenda kupiga picha ndege za jeshi. Wiki hii zinafanya mazoezi ya sherehe, zinapita chini mpaka mabati yanatetemeka. Nyemo akavaa viatu vya kanisani, akaibeba simu yangu kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi. Mimi picha sikuwa na shida nazo. Nilitaka kuona kama atageuka.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: Nyemo ni binti yangu. Mwezi wa nne aliugua homa ya uti wa mgongo, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio. Daktari alitueleza taratibu, kwa heshima, kwamba yote mawili yamekwenda na hayarudi. Nikaitikia kwa kichwa, vilevile wanavyoitikia wateja wangu nikiwaambia koili imeungua.

Yaani sikuamini.

Mimi ni fundi spika, Majengo. Ndiyo, fundi spika. Fundi spika mwenye mtoto asiyesikia: wateja walishaliona hilo kabla yangu, na wenye adabu hulisema nikiwa nimeinama.

Kazi hii sikuisomea, nimejifunza kwa kuharibu vitu vya watu. La kwanza nililojifunza: usimwambie mtu spika yake imekufa kabla hujaigusisha betri. Betri ndogo ya redio, waya mbili, unagusa. Ikisema "kwa!", kuna uhai. Sasa Nyemo, kwa akili yangu, hakuna aliyemgusisha betri. Hospitali walimvalisha vifaa masikioni, vikatoa karatasi. Karatasi! Mwaka jana ndege hizihizi zilipopita aliingia uvunguni akajikojolea. Nikasema basi, betri yangu ndiyo hiyo. Dodoma nzima hakuna kubwa zaidi.

Mama yake alinisoma tangu asubuhi. "Baba Nyemo, ukitaka kumpima nenda kampime. Ila mimi usiniletee majibu."

Tukapanda kilima cha mawe upande wa uwanja wa ndege. Tulikuta watu wamejaa, na mama mmoja anauza ubuyu. Nilimnunulia Nyemo pakiti, nikamkalisha juu ya jiwe, uso kwangu, mgongo kule zinakotokea.

"Baba, ndege wako wapi?"

Anaongea kwa sauti kubwa sana siku hizi, hajui. Zamani ningemsahihisha: ndege wa kwenye miti wako wapi, ndege za jeshi ziko wapi. Nimeacha kusahihisha.

Zikaja tatu.

Ndege za kivita unaziona kwanza, mlio unafuata nyuma. Ulipotufikia watu wote waliziba masikio, mama wa ubuyu akajikunja juu ya beseni lake. Nyemo alikuwa ametoa mbegu mdomoni anaikagua kama imeisha rangi.

Kisha akageuka.

Aligeuka! Akaziona zinakata kona, akapiga kelele za furaha, akainua simu. Kwa kama sekunde mbili sikuwa na deni na Mungu. Halafu nikakumbuka macho yangu yalikuwa wapi. Nilikuwa nimezikodolea zile ndege juu ya kichwa chake, na mtoto alifuata macho ya baba. Fundi mwanafunzi ndivyo anavyoshangilia, kumbe ameshika waya vibaya.

Kwa hiyo zilipozunguka kurudi nilimziba macho kwa viganja, kama mchezo. Akacheka. Zikapita chini kuliko mara ya kwanza, mlio nikausikia kwenye meno. Kope zake zilikuwa zimelala kwenye viganja vyangu.

Hazikutikisika.

Ndege zikaenda zao. Mlio ukaisha kabisa, mbwa wa nyumba za chini wakaanza kubweka.

"Baba," akasema huku anacheka, "bado?"

"Huyu mtoto jasiri, jamani," mama wa ubuyu akaniambia. "Sisi wazima tunajificha, yeye hata hashtuki! Huyu ni rubani huyu."

Nikasema asante.

Wakati huo askari mmoja alikuwa anapanda kutufuata, amechoka na jua na amechoka na sisi. "Nani kawaruhusu kupiga picha hapa?" Kabla sijafungua mdomo, Nyemo, aliyeona gwanda na kidole kikinyooshewa simu, akajibu kwa sauti ya kufika Chemba:

"TUMEKUJA KUPIGA NDEGE!"

Kilima kizima kikaangua kicheko. Afande akajikaza, akashindwa upande mmoja wa mdomo. "Mtazipiga na nini, na ubuyu?" Akachukua simu akapitia picha: kidole, kidole, mbingu, kiatu cha kanisani, na moja yenye vidoa vitatu kama wadudu kwenye mchele. "Hii futa." Nikafuta.

Akainama kwa Nyemo. "Ndege za jeshi hazipigwi picha. Umesikia?"

Akangoja.

"Umesikia, mama?"

Nyemo akamtazama midomo, kisha akampigia saluti. Afande akairudisha kamili, mpaka visigino vikagongana. Nikamshika mtoto mkono, tukashuka.

Nyumbani nilimkuta mama yake anafua shuka alilolifua jana. Nilikuwa nimejipanga kunyamaza, si alisema hataki majibu. Hakuinua kichwa.

"Zilipita?"

"Zilipita. Mara mbili."

Akalikamua lile shuka, akalianika, akaingia ndani. Akatoka na fomu ya shule ya watoto viziwi. Imejazwa yote kwa mwandiko wake, imebaki sehemu moja tu, sahihi ya baba. Karatasi ilikuwa imeshaanza kuchakaa kwenye mikunjo. Sikuuliza aliijaza lini.

Nimetia sahihi.

Sasa nimekaa uani naandika haya. Nyemo yuko pale mlangoni na viatu vyake vya kanisani. Amejiziba macho mwenyewe kwa viganja, anaendeleza mchezo wetu, na kila baada ya muda kidogo anauliza kwa sauti inayofika kwa jirani: bado?

Sijui neno hilo linasemwaje kwa mikono. Na hata ningelijua, ameziba macho.