Mvua ya Siku Tatu

Jumanne, 16 Novemba 1976

Imenyesha tangu alfajiri. Nimechimba shambani mwenyewe kuhakikisha, mkono ukaingia hadi kiwiko kabla ya kugusa pakavu. Asante Mungu.

Mwezi uliopita ilinyesha siku tatu tu, mama mkwe akataka nishushe mahindi yangu ya mbegu kutoka darini, juu ya moshi wa jiko. Shemeji naye akaja kutoka Ikola akisema kule wameshapanda. Ikola wana ziwa na milima ya kuwaletea mvua mapema. Sisi huku Mpimbwe tunangoja. Nikawaambia siku tatu ni hali ya hewa tu; tabia ya nchi ni miaka, na daftari langu la mvua linasema Oktoba hudanganya.

Mama mkwe akanijibu, "Nyie mliosoma mnataka mvua iwaandikie barua?" Akapanda mbegu zake zote. Zikaota, zikanyauka.

Hata hivyo usingizi sikuupata. Kama mwaka huu ungekataa kufuata daftari, watoto wangekula nini?

Leo mama mkwe kaja na ungo mtupu. "Mama Kristina, nigawie."

Nikapanda darini. Fungu lake nilikuwa nimelifunga kando tangu siku ile tuliyogombana.