Mume Wangu Ana Maneno kwa Michezo ya Watu Wote, Isipokuwa Wangu

Mama Henriette wa gazetini, nakusalimia, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho. Mimi ni mama wa watoto watatu, wazazi wangu ni watu wa Masisi, tunaishi juu kidogo ya Kituku na asubuhi nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale ufukweni, mume wangu Lionel anatengeneza simu mtaa wa Ndosho, ni mtu mpole, hanipigi wala hanywi, nasema hivyo mapema usije ukanijibu habari za pombe.

Shida yetu ni michezo ya simu. Lionel yuko katika kundi la watu wanaojaribu michezo midogo, ile inayotengenezwa na mtu mmoja au wawili bila kampuni nyuma yao, basi mtu wa Brazili anatuma mchezo wake ambao haujakamilika, Lionel anaucheza wote, kisha anamwandikia kurasa mbili kwa Kifaransa kizuri, hapa umenifurahisha, hapa nimekwama, hapa maandishi ni madogo mno, usikate tamaa rafiki, nao wanamrudishia kwamba hakuna aliyewahi kuwaelewa kama yeye.

Mwaka jana nikapata nafasi ya mafunzo ya kompyuta kule Murara, nikajifunza kutengeneza mchezo, na nikautengeneza kweli, wa mwanamke anayeteremka ziwani na bido, lile dumu la maji, anaijaza, anaibeba mgongoni na kamba kwenye paji la uso, anapanda nayo nyumbani akikwepa pikipiki na mawe ya volkano ili maji yasimwagike. Nimeufanya miezi mingi, baada ya sambaza, baada ya kufua, mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye mwiko. Nilipomaliza nikampa Lionel kwa mikono miwili. Maji ya ugali yalikuwa hayajachemka, tayari ameweka simu mezani. Akasema, "Inachokesha." Nikamuuliza, "Inachokesha wapi?" Akasema, "Mama Éphraïm, inachokesha tu. Iko muchezo ya ule mutu wa Brésil, ananingojea."

Nilimwonyesha Charline, tunauza naye, akasema iko muzuri sana, lakini Charline hata mvua ikimlowanisha atasema iko muzuri. Sasa Jumamosi ijayo pale mafunzoni wataonyesha michezo yetu mbele ya watu, natakiwa kusema kama naleta wangu, na mimi nimechoka Mama Henriette, nataka kuufuta kabisa nibaki na sambaza zangu, maana mtu mwenye maneno mazuri kwa dunia nzima akikosa hata moja la kunipa, basi kitu chenyewe ni kibaya, au mbaya ni mimi. Nimekutumia mchezo pamoja na barua hii, kama huna nafasi uache tu. Niufute au nisiufute?

Mama Éphraïm, Kituku

*

Mama Éphraïm, nimekusikiliza mpaka mwisho, ingawa kwa sentensi zako karibu unikate pumzi.

Nianze na mumeo, kwa sababu najua gazeti hili linafika Ndosho. Papa Éphraïm, haya huna? Mtu wa Brazili unampa kurasa mbili, na huyu anayekupikia unampa neno moja tu, tena macho yako kwenye simu ya mwingine. Kuwa mwema kwa mtu wa mbali ni rahisi, haketi nawe mezani.

Na wewe, mama, umechukua uvivu wa mtu mmoja ukaufanya hukumu. Ulimuuliza swali zuri, hakulijibu, ukaenda kujijibia mwenyewe kwamba wewe ndiwe mbaya. Hilo nani kakwambia? Mimi sikulisoma popote.

Nami nimeucheza. Mimi ni mwanamke mzee mwenye magoti mabovu, sikuwa nimewahi kucheza mchezo wa simu, lakini Jumapili baada ya misa niliketi nao. Nimejikwaa kwenye mawe yako, maji yamemwagika, nimetamka neno lisilofaa kutamkwa baada ya misa. Pikipiki iliponipigia honi nilicheka peke yangu. Nikafika nyumbani nimefurahi, watoto wakanywa, bido ikaisha, mchezo ukanirudisha ziwani. Nikaenda. Ukanirudisha tena. Safari ya tatu nikaanza kutafuta mahali pa kutua ile bido. Nilibonyeza kila kitu. Nilijaribu kwenye jiwe, nikajaribu ukutani, nikajaribu mlangoni. Huyu mwanamke wako hawezi kuitua, hata akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nikaweka simu mezani nikasema neno lilelile alilolisema Lionel. Tofauti ni kwamba mimi nakuonyesha linapouma.

Hukukosea kwenye kompyuta, mama. Umetengeneza unachokijua. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa juu yako.

Kwa hiyo usifute. Mchezo uko hai, nimeucheza mpaka chai imepoa. Weka jiwe moja njiani na kigoda kimoja mlangoni, mchezaji aweze kutua, akae, atazame ziwa anavyotaka, na asipungukiwe hata tone kwa sababu amepumzika. Ukimaliza, uwape akina mama wa Kituku, na usiwaulize kama ni mzuri, watakwambia ni mzuri ili waendelee na samaki zao. Simama nyuma yao, funga mdomo, angalia vidole vinakwama wapi. Halafu Jumamosi uupeleke Murara, uweke jina lako kamili, si Mama Éphraïm tu.

Kurasa za Lionel usizingojee. Akiandika, vizuri. Asipoandika, umeshapata zangu.

Limebaki moja. Hukuniandikia nani anachota maji nyumbani kwako, na sikuhitaji kuuliza. Kuanzia kesho achote Lionel, kwa miguu, na kamba kwenye paji la uso. Usimwombe, mwambie. Akishatoka na bido, usikimbilie ufagio wala sufuria. Kaa chini, mama.