BANGO LA TONGZHI: KIKAO CHA DHARURA KUHUSU HAFLA TULIYOKWENDA BILA KUJUA

UMOJA WA KUSAIDIANA WA WASWAHILI, GUANGZHOU

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati Tendaji kilichofanyika Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, chumba cha juu cha mgahawa wa halali, Xiaobei, baada ya swala ya alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Marijani Sefu, Mwenyekiti
2. Bi. Albertine Mwamba, Makamu Mwenyekiti
3. Bi. Bertila Ishengoma, Katibu
4. Bi. Shamsia Khalfan, Mratibu wa Mapishi
5. Bw. Mbarak Said, Mjumbe
6. Bw. Maulid Hamadi, Mkalimani wa Umoja

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Othman, kwa udhuru. Kontena lake lilikuwa linafungwa bandarini Huangpu.
2. Bw. Liévin, kwa udhuru wa kuumwa. Katibu alimwona mchana huohuo Zhanqian Road akichagua jinzi, na anamtakia nafuu ya haraka.

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua na kuwaomba wajumbe wazime simu. Simu ya Bw. Mbarak iliita mara mbili baada ya ombi hilo.

Bi Shamsia alikaa upande wa dirishani na Maulid akakaa karibu na mlango. Katibu anaandika mpangilio huu wa viti kwa sababu mambo mengine hayataeleweka bila huo. Maulid ni mtoto wa kumzaa wa Bi Shamsia, wanakaa nyumba moja, na tangu siku ya hafla mama hajamsemesha mwanawe. Chakula anampikia, lakini anampa Bi Albertine, jirani yao, ampelekee.

KUMB. NA. 2/10/2025: JINSI MWALIKO ULIVYOPOKELEWA

Mwenyekiti alieleza kwamba mwezi wa tisa Bi Albertine alitumiwa ujumbe wa sauti na laoban Lin, yaani bosi, mama mwenye duka la nguo Zhanqian Road ambako Bi Albertine ananunua mzigo miaka yote. Laoban huyo aliwaalika Waswahili kwenye hafla ya chai ya "matongzhi na familia zao" na kuomba waje na chakula cha kwao.

Mwenyekiti alisema neno tongzhi analijua tangu ujana wake, alipofanya kazi pamoja na mafundi wa Kichina kwenye ujenzi wa reli ya kwenda Zambia. Walikuwa wakiitana tongzhi, naye wakamwita Tongzhi Ma, na maana yake ni ndugu: ndugu wa kazi, ndugu wa mapambano. Kwa kuwa sikukuu ya taifa ya China ilikuwa imekaribia, hakuwa na shaka kwamba ni sherehe ya urafiki wa nchi mbili. Akaandaa hotuba. Akaagiza na bango.

Katibu alikumbusha kwamba siku ile alipendekeza Maulid aulizwe kwanza, akajibiwa kwamba Mwenyekiti alikuwa anazungumza Kichina kabla Maulid hajazaliwa. Mwenyekiti alikiri kwamba alisema hivyo.

Bi Albertine, ambaye kwao ni Lubumbashi, aliulizwa kama yeye hakushtuka. Alijibu: "Écoutez, musikilize, mi nilijua kitu kiko. Ule laoban, miaka yote ukimuomba apunguze bei anakwambia meiyou, hakuna. Sasa anatuita bure, na sauti inatetemeka? Lakini mzee anafurahi vile, mi niseme nini?"

Maulid alieleza kwamba maneno ya bango aliletewa na Mwenyekiti yakiwa tayari: SISI SOTE NI TONGZHI, kwa herufi kubwa za Kichina, na Kiswahili chini yake. Aliulizwa kama alijua kwamba siku hizi mjini neno hilo hutumiwa zaidi na watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, wakijiita wenyewe kwa jina hilo. Alijibu kwamba alijua.

Aliulizwa kwa nini alinyamaza. Alisema: "Nilifungua mdomo, mzee. Ukaniambia nisikufundishe." Mwenyekiti alithibitisha. Maulid akaongeza kwamba angeweza kusema mara ya pili, na hakusema. Mwaliko huo alikuwa ameusikia kabla haujafika kwenye Kamati. Alikuwa anatamani kwenda, ila hakutaka kwenda peke yake.

Chai ikaletwa.

KUMB. NA. 3/10/2025: TAARIFA YA HAFLA YENYEWE

Kwa faida ya wasiokuwepo, Katibu alisoma taarifa fupi. Hafla ilifanyika Jumamosi tarehe 27 Septemba, katika ukumbi mdogo nyuma ya duka la chai, bila matangazo wala vibao mlangoni. Watu walikuwa kama sitini: vijana, wazazi wao, na bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake na rafiki wa mjukuu. Msafara wa Umoja uliingia umevaa kitenge cha sare, masufuria ya biriani nyuma, Mwenyekiti mbele na bango.

Ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi. Bi Albertine alisema: "Balipiga mikono mpaka mi nikafikiri nyuma yetu kuko ministre, waziri muzima." Mwenyekiti alisema yeye alifikiri Wachina hawajaisahau Tanzania.

Katika hotuba yake Mwenyekiti alisema Waafrika na Wachina ni matongzhi tangu zamani, na kwamba yeye binafsi ni tongzhi tangu akiwa kijana mbichi, hajawahi kulionea haya, na atakufa hivyo hivyo. Maulid alitafsiri neno kwa neno. Kijana mmoja wa Kichina alimkumbatia Mwenyekiti akalia begani kwake, na Mwenyekiti, ambaye ni mwepesi wa machozi, akalia naye.

Mwenyekiti alisema alianza kuelewa pale laoban Lin alipopanda jukwaani. Laoban alisimulia kwamba mwanawe wa kiume alipomwambia ni tongzhi, yeye alimwambia asirudi mpaka apate mchumba wa kike. Mwana akatii, akakaa miaka bila kurudi hata mwaka mpya, wakati kila mtu China hurudi kwao. Laoban alikuwa anapika vyungu vizima sikukuu ile na kuvimwaga kesho yake. Mwisho alimpigia simu akamwambia chakula kipo, njoo na unayempenda. Mwana alikuwa amekaa kiti cha mbele, na mwenzake pembeni yake.

Maulid alikuwa amechutama kati ya kiti cha Mwenyekiti na cha mama yake akiwatafsiria kwa sauti ya chini, maana Kichina cha Mwenyekiti kiliishia relini. Ni hapa ambapo wajumbe walitofautiana kuhusu kilichotokea, na suala hilo likahamishiwa ajenda inayofuata.

Biriani iliisha yote. Bi Shamsia aliombwa maelekezo ya mapishi na wazazi wengi.

KUMB. NA. 4/10/2025: HOJA YA BW. MBARAK YA KUMWONDOA BW. MAULID

Bw. Mbarak alieleza kwamba picha ya bango, pamoja na maana ya neno lile, ilifika Unguja kabla msafara haujarudi Xiaobei. Mama mkwe wake alimpigia simu kumuuliza, kati ya waliosimama pale, yupi na yupi ndio hao. Wateja wake wa mizigo Huangpu wanamtania. Alitumia neno moja ambalo Mwenyekiti aliagiza lisiandikwe, na Katibu hakuliandika.

Alitoa hoja kwamba Maulid aondolewe kwenye ukalimani na kwenye uanachama, kwa kuwa aliuaibisha Umoja huku akijua anachofanya.

Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe maana ya kuondolewa. Asiye mwanachama huku ugenini akilazwa hana wa kumsimamia, akikamatwa hana wa kumfuata, na akifa hana wa kumsafirisha. Alimtaka Bw. Mbarak afikiri kabla ya kuendelea.

Bw. Mbarak alisema: "Nimefikiri, mzee. Mimi kijana huyu simchukii. Nilipolazwa mimi, madaktari wanasema mambo yao na mimi sijui hata kusema hapa panauma, nani alikaa na mimi? Ni yeye. Lakini hili, wallahi, siwezi kulibeba mpaka kwetu." Katibu anashuhudia kwamba sauti yake haikuwa ya mtu anayefurahia.

Aliongeza shtaka la pili: kwamba siku ile mkalimani aliongeza maneno yake mwenyewe, na mkalimani anayeongeza maneno hafai. Mwenyekiti alisema hata yeye alisikia maelezo yamekuwa marefu, ila alidhani Kichina ndivyo kinavyotafsirika.

Bi Shamsia aliomba nafasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu kikao kifunguliwe. Alisema: "Aliongeza. Yule mama wa Kichina alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa anakunywa maji. Nilikuwa namtazama, glasi iko mdomoni, na mwanangu huku chini bado anatafsiri."

Mwenyekiti aliuliza mkalimani alikuwa anatafsiri nini, ikiwa msemaji alikuwa anakunywa maji. Bi Shamsia alisema hilo aulizwe mwenyewe.

Katibu aliweka kalamu chini na kumwambia Maulid kwamba halazimiki kujibu, na kwamba jibu lake, akilitoa, linaweza kubaki chumbani bila kuandikwa. Maulid alisimama. Alisema: "Andika, dada Bertila. Nilimwambia, mama, na mimi ni tongzhi, na mimi bado ni mwanao. Kwa Kiswahili, kwa kinywa changu, nikashindwa miaka yote. Pale nilikuwa nasema maneno ya mtu mwingine, yakaisha, yangu yakafuata."

Imeandikwa kama alivyotaka. Kamati iliazimia kwa kauli moja, Bw. Mbarak akiwemo, kwamba nakala ya kumbukumbu hizi isitoke mikononi mwa wajumbe waliohudhuria.

Mwenyekiti alisema kabla ya kwenda kwenye uamuzi, Bi Shamsia atoke nje kwa kuwa ana maslahi katika jambo hili. Bi Shamsia alijibu kwamba hana maslahi, ana mtoto, na hatoki.

Aliendelea kusema akiwa amekaa, akitazama meza. Alisema watu wanadhani amekasirika. Hasira aliitafuta siku ile usiku akaikosa; alichokuwa nacho ni woga. Anaogopa watu wa nyumbani, anaogopa simu, anaogopa siku atakayokufa mwanawe abaki peke yake kwenye mji huu. Dua anazomwombea kwa Mungu hazijabadilika hata moja. Alinyamaza kwa kuwa hakujua aanze na neno gani, na kila siku iliyopita neno la kwanza likawa zito zaidi. Alisema: "Mbarak, mdogo wangu, ukimtoa huyu na mimi umenitoa. Utatafuta mwingine wa kukupikieni."

Bi Albertine alisema yeye ni Mkristo na kanisani kwao wana maneno yao juu ya jambo hili, anayajua yote, lakini: "Huyu mutoto anatusemea kwa polisi, kwa hospitali, kwa bandari. Vraiment, kweli, leo tumukatie ulimi?"

Mwenyekiti alisema kama kuna kosa la bango, basi ni lake, aliyeagiza. Kisha akarudi kwenye utaratibu. Alisema hoja ya Bw. Mbarak iko mezani na kwa mujibu wa Katiba inahitaji mjumbe mmoja wa kuiunga mkono. Akauliza nani anaiunga mkono.

Mwenyekiti alisubiri. Bw. Mbarak aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. Mwenyekiti akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, ili isije kusemwa baadaye kwamba hakusikika.

Hoja ilikosa wa kuiunga mkono, ikaanguka. Bw. Mbarak aliomba iandikwe kwamba msimamo wake haujabadilika. Umeandikwa. Katibu, ambaye kazi yake si kutoa maoni, alifurahi sana.

KUMB. NA. 5/10/2025: MWALIKO WA MWEZI WA KUMI NA MOJA

Bi Albertine alitoa taarifa kwamba laoban Lin amewaalika tena. Safari hii ni chakula cha mchana cha wazazi na watoto wao, na Waswahili ndio wageni pekee, na ameomba biriani ile ile.

Kamati ilikubali kwenda, kwa hiari ya kila mtu. Mwenyekiti aliulizwa kuhusu bango. Alisema liende lilivyo, maana sasa anajua limeandikwa nini.

Bw. Mbarak alisema yeye hatakwenda. Ilipojadiliwa namna ya kupeleka masufuria, alisema kwamba gari lake ndilo pekee lenye nafasi, kwamba atayafikisha mlangoni, na kwamba mtu yeyote asimwambie aingie. Mwenyekiti alimshukuru. Bw. Mbarak alisema hajafanya lolote la kushukuriwa.

Katibu alianza kuandika majina ya watakaokwenda na nafasi zao, kwa kuwa laoban Lin ameomba kila mgeni abandikwe kifuani jina na nafasi yake kwa Kichina. Mwenyekiti, Makamu na Mkalimani waliandikwa. Ilipofika zamu ya Bi Shamsia, Katibu alitaka kuandika Mratibu wa Mapishi. Bi Shamsia alimzuia. Alinyanyuka kutoka dirishani, akapita nyuma ya viti vya wajumbe, akasimama karibu na mlango.

Alimuuliza Maulid wanasemaje kwa Kichina "mama yake Maulid". Bi Shamsia alimwambia: "Sema polepole, mwanangu, nataka nijifunze." Maulid akasema, na yeye akarudia, akakosea, akarudia tena mpaka akapatia. Kwenye nafasi yake Katibu ameandika hivyo.

KUFUNGA KIKAO

Kwa kuwa adhana ya magharibi ilikuwa karibu na hakuna aliyekuwa na la kuongeza, Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili kasorobo jioni. Dua ya kufunga iliombwa na Bi Shamsia.

Marijani Sefu, MWENYEKITI .....................

Bertila Ishengoma, KATIBU .....................