Moto wa Ndama wa Endulen

Mwanangu Paulina,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima huko shuleni? Kile kikohozi kimekuacha?

Huku Endulen kuna baridi, leo vidole viliniganda. Mwenyeji wangu, Mama Naserian, mfugaji wa Kimaasai, akanicheka: "Mkulima wee! Tia mikono hapa," akanionyesha kwapani kwa ndama wake. Kunawaka! Nikauliza, "Huyu ameota moto wapi?"

"Amenyonya maziwa. Maziwa ni nyasi, nyasi zimekula jua. Hata wewe unawaka hivyo hivyo."

Paulina, ndiyo uliyonisomea, kwamba kila seli ya mwili inachoma chakula, nami nikadhani ni moto wa jehanamu, nikayaita kufuru, nikakuchania daftari mbele ya wadogo zako. Nimeona aibu hata rozari imenishinda. Nisamehe, mama. Nijibu upesi, uniandikie tena ukurasa ule.

Mama yako